Tanzia Haibanduliwi

Jumamosi hiyo nilikuwa nimempaka Tsetska rangi nusu ya kichwa pale Verka wa duka la mikate alipoingia saluni kwangu na bakuli la ngano ya kuchemsha, macho yamemwiva kwa kulia. Hakusalimia. Alilitua bakuli kwenye meza yangu ya vitana, akanikumbatia, akasema, "Pole, Iskra. Pole sana, shoga yangu. Mungu ampumzishe."

"Ampumzishe nani?"

"Jamani, usinifanyie hivyo. Bilyana."

Ngano ya kuchemsha yenye sukari juu haipelekwi kwa mtu bure, huliwa msibani. Na Bilyana ni mwanangu, sina mwingine, na asubuhi ile alikuwa ametoka na taulo begani kwenda kuogelea mto Danubi, mimi nimemkataza na yeye amecheka. Sijui nilitokaje mle ndani. Najua nilikimbia na glavu zangu za rangi mpaka kituo cha basi, kwa sababu Verka alisema "ipo kituoni," na kweli ilikuwepo, imebandikwa kwenye nguzo pale pale zinapobandikwa tanzia zote za mji wetu. Fremu nyeusi. Picha ya mwanangu, ile ya pasipoti, hajatabasamu. Jina lake kamili kwa herufi kubwa, Bilyana Lyubenova Tsankova, na chini yake: umri, miaka kumi na sita.

Nikakaa ukingoni mwa barabara. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, maana na huko walikuwa wamesoma jina tu, ule mlio wa msiba, mmoja, kimya, mmoja, kimya, na wanaume waliokuwa wanangoja basi wakavua kofia.

"Mama, mbona umekaa chini?"

Alikuwa amesimama mbele yangu, nywele zinachuruzika maji, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Nilimpiga kofi. Kisha nikamkumbatia, nikamchafua shingo kwa rangi ya Tsetska, nikampiga tena.

"Hujaisoma," akasema, anajishika shavu na bado anacheka. "Isome mpaka chini. Baba kaniua."

Nikainuka, nikasoma. *Kwa furaha kubwa tunawaarifu ndugu, jamaa na majirani kwamba mpendwa wetu ametutoka, anakwenda Norwe kwa ufadhili wa masomo katika shule ya bweni ya kimataifa.* Na chini kabisa, peke yake kwenye kona, neno moja: *Wafiwa.*

Lyuben, mume wangu, ana kiduka cha kuchapisha karibu na posta. Hupiga picha za pasipoti, hutoa nakala, lakini kinachoendesha duka ni tanzia. Mji wetu wa Belobrod hauzai, unazika tu. Kuna tanzia ya siku ya kifo, kuna ya arobaini, kuna ya nusu mwaka, ya mwaka, ya miaka kumi, na kila moja huenda kwenye nguzo, kwenye kituo, kwenye mlango wa kanisa na kwenye geti la marehemu. Basi siku kamati ya ufadhili ilipopiga simu kutoka mji mkuu, Sofia, kusema Bilyana ni mmoja wa wawili waliochaguliwa nchi nzima, ada, kitanda, chakula na nauli juu yao mpaka amalize na kwenda chuo kikuu, Lyuben alilia mbele ya wateja, akataka mji wote ujue. Akafungua tanzia ya mwisho aliyoitengeneza kwenye kompyuta. Akafuta msalaba, akafuta "majonzi" akaandika "furaha," akabadilisha picha na jina. Yaliyobaki hakuyaona, kwa kuwa huyaona kila siku. Kisha akatoka kwenda kubandika, akapita njia ile ile, nguzo zile zile.

Nilikuwa nimeshaingiza kucha chini ya kona ya karatasi niivute, pale fimbo iliponitua mkononi.

"Usiguse!"

Alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Neda, amekuja mbio kwa kusikia kengele, anahema, kiganja kifuani juu ya moyo wake mbovu. Kwanza alimshika Bilyana uso, masikio, mabega, akamnusa nywele. Alipohakikisha kwamba ni mzima ndipo akaigeukia nguzo, na rangi ikamtoka usoni.

"Mama, ni makosa ya Lyuben," nikasema. "Naibandua, yaishe."

"Tanzia haibanduliwi. Wewe umezaliwa wapi?"

Alijua vizuri nilikozaliwa. Nimezaliwa Pleven, na tangu niolewe Pleven ndiyo sababu ya kila kitu nisichokijua. Lakini hata Pleven watu hawabandui tanzia. Huachwa mpaka mvua iile, au mpaka afe mwingine na yake ibandikwe juu. Hivyo ndivyo ilivyo. Hakuna anayekufundisha, unakua unaona.

"Ukiibandua unamwita kaburini aliyeandikwa," akasema Bibi Neda. "Unamwambia, njoo, hapa hapana tena nafasi yako."

"Aliyeandikwa yupo hapa anakula alizeti!"

"Ndiyo maana nakwambia usiguse."

Nilimtazama Bilyana nikitaka tucheke pamoja. Alikuwa ameacha kutafuna. Nikaitoa kucha yangu kwenye karatasi, nikabaki na hasira ya kushindwa siku nzima, kwani saluni nzima ilikuwa imetoka kutuangalia, Tsetska mbele yao na kichwa chake cha rangi mbili.

Kwetu mtoto hatoki nje ya nchi mpaka wazazi wote wawili watie sahihi mbele ya wakili. Kamati ilitaka hati hiyo ifike Sofia kabla ya Ijumaa mchana. Lyuben na mimi tulikuwa tumepanga Jumatatu. Jumatatu ikafika, nikavaa, nikampitia dukani, nikamkuta amekaa mbele ya mashine zake hajazima wala kuwasha kitu.

"Twende," nikamwambia.

"Tungoje kidogo, Iskra."

"Tungoje nini?"

"Mvua. Ikinyesha zitatoka zenyewe." Akajifuta uso. "Au..."

"Au nini? Sema!"

Akaitazama gundi yake mezani. Hakuwa na haja ya kusema. Tulikuwa tunangoja mtu afe.

Na hapo ndipo Belobrod, mji unaozika kila wiki na wiki nyingine mara mbili, ulipogoma kufa. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. Jumatatu hakufa mtu. Jumanne hakufa mtu. Ukipita mji mzima, kituoni, kanisani, kwenye geti letu wenyewe, mwanangu anakutazama kutoka ndani ya fremu nyeusi, na jua linaikausha karatasi na kuifanya ngumu zaidi. Watu waliacha kucheka. Walijua ni kosa, wote walikuwa wameisoma mpaka chini, lakini walipompita Bilyana walimpa njia pana kidogo kuliko inavyohitajika.

Saluni mazungumzo yakawa ya wagonjwa tu.

"Mzee Kamen anasemaje na mapafu yake?" akauliza Tsetska.

"Mnamngojea afe?" nikamuuliza.

"Mimi? Mungu anisamehe, simngojei. Namjulia hali tu."

Mzee Kamen mwenyewe akaja Jumanne kunyoa, amevaa shati safi, amenyooka kuliko nilivyomwona tangu mwaka jana. Akakaa kwenye kiti, akanitazama kwenye kioo. "Iskra, mwanangu, nina miaka mitatu sigongewi mlango. Wiki hii nimeletewa supu mara nne. Verka kaniuliza nalala upande gani." Akakohoa kidogo, akatabasamu. "Mwambie binti asinitegemee. Nimeanza kujisikia vizuri."

Nilicheka naye. Alipotoka nilikaa kwenye kile kile kiti nikajiona nilivyo. Nilikuwa nimesikiliza kikohozi chake kwa makini, na nilikuwa nimesikitika kwamba ni chepesi.

Bilyana alikuwa mtoto wa kutia watu wazimu kwa maswali. Shule ya mji wetu ilikuwa imebaki na madarasa matatu, mwalimu wa kemia alikuwa pia wa historia na wa mazoezi, lakini yeye alichota maji ya Danubi kwenye chupa za mchuzi wa nyanya mwaka mzima, akayapima, akayaandika, na alipoitwa mbele ya kamati akawaambia kinachoua samaki kabla hawajamuuliza jina. Hapa angebaki angekuja kushika mkasi wangu. Sioni haya kuusema ukweli huo. Mkasi umenilisha, lakini sikumzaa aje kuwasikiliza kina Tsetska.

Vijana kule mtoni walimwita "marehemu." Mwanzoni aliitikia. "Marehemu anaomba kipande cha tikiti," alikuwa akisema, na wote wanacheka. Jumatano alikuwa anapita sokoni na baiskeli, lori la matikiti likarudi nyuma bila dereva kutazama, yeye akaruka, baiskeli ikabaki chini ya gurudumu. Aliirudisha nyumbani akiiburuta, imekunjika katikati. Alikuwa na mchubuko wa goti tu. Dereva alikuja nyuma yake analia, anaapa kwamba alitazama, alitazama pande zote, na hapakuwa na mtu.

Bibi Neda alimwosha goti. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nikamlaani dereva, lori, matikiti na Lyuben.

"Mama," akasema Bilyana, nilipomaliza. "Labda nisiende."

"Kwa sababu ya lori?"

"Si lori." Alikuwa anavuta uzi kwenye taulo. "Siku hizi napita nyuma ya kiwanda cha maziwa ili nisijione. Halafu nafika, nakuta baba kabandika na huko. Nikijiona nahisi ni kweli, mama. Nahisi yule ndiye ananijua, mimi simjui."

Nilitaka kumwambia ni upuuzi. Lakini na mimi asubuhi ile nilikuwa nimepita kituoni nikajikuta nafanya ishara ya msalaba.

Alhamisi mchana simu ikalia tukiwa mezani, supu ya maharage, pilipili za kuchoma. Alikuwa Bi Ralitsa wa kamati, mama mmoja wa sauti laini anayekuita kwa jina kana kwamba mlisoma pamoja. Hati yetu haijafika. Anaelewa familia huwa na wasiwasi. Lakini kuna kijana kutoka mji wa Plovdiv kwenye nafasi ya akiba, na kesho mchana kama hawajapata sahihi zetu, itabidi wampigie yeye. "Ningesikitika sana, Bi Iskra," akasema. "Mwanao ni mtoto wa pekee."

Nikaweka simu mezani. "Kesho," nikamwambia Lyuben. "Wakili anafungua saa tatu."

Lyuben akasukuma sahani. "Siwezi."

"Huwezi kuandika jina lako?"

"Mkono huu umemwandika tanzia!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Unataka mkono huo huo utie sahihi ya kumtoa nyumbani? Likimpata jambo huko, baharini huko, nitasema nini? Nitasema nilimwandika mara mbili?"

"Lyuben, ni karatasi na gundi!"

"Basi nenda ukaibandue!"

Alijua siwezi. Bilyana alikuwa anatazama kijiko chake. Nikamgeukia Bibi Neda, hasira yote ya wiki ile ikapata mahali pa kwenda.

"Umefurahi, mama? Ndicho ulichotaka. Tangu simu ya kwanza hukutaka aende. Ulisema Norwe hakuna jua, ukasema watamlisha samaki mbichi. Sasa umepata nguzo zikusemee."

Bibi Neda alimaliza supu yake. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na tatu na hakuwa na tabia ya kuacha chakula kwa sababu ya kelele zangu. Akafuta sahani kwa mkate, akala mkate, akainuka, akafunga kitambaa chake cheusi kichwani mbele ya kioo cha ukumbini, akikivuta huku na huku mpaka kikakaa alivyotaka.

"Lyuben," akasema, "chukua funguo. Tunakwenda dukani."

Nilikwenda nao kwa kuwa sikumwamini. Dukani alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za pasipoti, mgongo kwenye pazia jeupe, mikono magotini.

"Nipige picha."

"Ya nini, mama?" akauliza Lyuben.

"Ya kubandika."

Ilichukua muda Lyuben aelewe. Alipoelewa alirudi nyuma mpaka akagonga mashine ya nakala. "Hapana. Hapana, mama, hilo usiniombe."

"Mwanao ulimwandika bila kumuuliza. Mimi nakuomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, unanikatalia?"

"Wewe ni mzima!"

"Na yeye je?"

Palikuwa na joto mle ndani. Nikaingilia. "Mama, nilisema kwa hasira. Tusifanye mchezo na mambo haya."

"Wewe wa Pleven, nyamaza kidogo," akasema, lakini bila ukali. "Usidhani nimekuwa mwema. Sitaki aende. Nguzo zingekuwa tupu ningelala mlangoni na mngenivuka. Ningelia, ningeugua, ningefanya kila kitu bibi anachofanya. Lakini huyu anabaki kwa woga. Umemwona anavyotembea? Anatembea kwenye kingo za ukuta. Nimeona watu wakifa wakiwa wanatembea hivyo hivyo, mwaka mzima, na tanzia zao zinakuja baadaye kama mhuri tu." Akajiweka sawa kitini. "Tanzia yake inahitaji mtu mwingine wa kubandikwa juu. Mzee Kamen kakataa. Haya, piga, kabla sijaanza kusinzia."

Lyuben alipiga picha. Ya kwanza ikatoka na ukungu, akarudia. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika huku anauma midomo, na mama yake amesimama nyuma yake anamsomea, kwa kuwa safari hii hataki makosa.

"Msalaba rudisha. Furaha toa, weka majonzi. Neda Tsankova, ndiyo. Wafiwa umeandika nani?"

"Mwana, mkwe, mjukuu."

"Mkwe umemwandika?"

"Nimemwandika, mama."

"Vizuri. Na atalia, huyu," akasema akinielekezea kidevu. "Utamwona. Wanaopiga kelele ndio hulia."

"Tarehe niweke ipi?" Lyuben aliuliza hivyo kwa mazoea, kama anavyomuuliza kila mteja, kisha akasikia alichokiuliza, akaficha uso kwenye viganja.

Bibi Neda akamshika kichwa. "Iache wazi," akasema.

Hakutaka tumbandikie. Mimi nilibeba karatasi na gundi, yeye akabandika kwa mkono wake, nguzo baada ya nguzo, akipumzika kwenye kila kizingiti. Kila alipofika alimpangusa Bilyana uso wa karatasi kwa kitambaa, taratibu, kama anamtoa vumbi, ndipo akamfunika. Mji ulitoka milangoni. Mwanamke anapita akibandika tanzia yake mwenyewe, utamwambia pole au utamwambia habari za mchana?

"Habari za mchana, Bibi Neda," Verka akathubutu, mlangoni mwa duka la mikate.

"Nzuri. Ngano usichemshe bado."

Kanisani Padri Metodi alitoka na joho lake, akasoma, akatutazama. "Bibi Neda, hii ni dhambi."

"Nitakuja kuiungama, baba. Nikipata nafasi."

Padri alitaka kuendelea, akaona uso wangu, akarudi ndani. Ya mwisho ilikuwa ya geti letu. Alipomaliza kuilainisha pembe zake alirudi nyuma hatua chache akaitazama, kichwa upande. "Afadhali ningekivuta kitambaa mbele kidogo," akasema.

Ijumaa saa tatu Lyuben alikuwa mlangoni mwa wakili kabla yangu, amenyoa. Aliandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi. Wakili akaituma hati Sofia papo hapo kwa kompyuta, na kijana wa Plovdiv hakupigiwa simu. Bilyana aliporudi kutoka mtoni siku ile alipita barabara kuu, katikati, na nikamsikia akiimba tangu kona ya posta. Nilifurahi. Nitasema ukweli: nilifurahi kwanza, na kwa muda mrefu, kabla ya kuanza kuogopa.

Hofu yangu ilianza Bibi Neda alipogawa kuku wake. Kisha akaosha mapazia ya chumba chake. Kisha akaacha kugombana nami, na hilo ndilo lililonitia baridi. Niliweka chumvi nyingi kwenye mboga makusudi, akala, akashukuru. Vidonge vyake vya moyo nilimpa mwenyewe kila asubuhi na jioni, nikamsimamia mpaka ameze, nikamwambia afungue mdomo nione.

"Unanifanya mtoto," akasema.

"Ninakufanya mgonjwa. Meza."

"Unadhani mimi ndiye ninayeamua?"

Nilimwita daktari kutoka Vidin. Akampima, akasema moyo ni ule ule, wa kizee, hauna jipya. Akaisoma tanzia getini wakati wa kutoka, akageuka akanitazama, akaondoa gari bila kuaga.

Siku ya safari Lyuben ndiye aliyekuwa anaendesha. Ndege ilikuwa inaruka kutoka Craiova, ng'ambo ya daraja, upande wa Romania, mwendo wa saa chache. Kila mtu nyumbani alijua kwamba mimi nitabaki, na hakuna aliyesema sababu. Mama anayebaki nyumbani mwanawe wa pekee akiondoka! Lakini Bilyana mwenyewe alinivuta jikoni akaniambia, "Kaa na bibi, mama. Tafadhali." Nikamfungia jibini na pilipili za chupa, nikamkemea kuhusu soksi, nikamkemea kuhusu kuogelea kwenye bahari baridi, nikaendelea kumkemea mpaka begi likafungwa. Nilipomkumbatia nilishindwa kumwachia, na Lyuben akalazimika kupiga honi.

Bibi Neda alikuwa getini na mtungi wa maji, wa kumwagia njia iwe nyepesi. Bilyana alimshika mikono yote miwili, mtungi katikati yao.

"Bibi, narudi Krismasi. Utaningoja?"

"Gari linawaka," akasema Bibi Neda. "Baba yako anachoma mafuta bure. Nenda."

"Bibi."

"Nenda, mwana wa mwanangu. Usigeuke."

Gari likaondoka, yeye akamwaga maji nyuma yake, na mtoto hakugeuka. Niliona shingo yake kwenye kioo cha nyuma, imekaza kwa kujizuia. Bibi Neda alisimama mpaka vumbi likatulia. Kisha akaingia ndani, akasema amechoka kidogo, atajinyoosha.

Niliosha vyombo. Vilikuwa safi, nikaviosha tena. Kila baada ya muda nilikwenda kusikiliza mlangoni kwake nikamsikia akivuta pumzi, na mara moja akasema, "Mimi bado, Iskra, kanywe kahawa," nikarudi jikoni nimeaibika. Mchana ukaenda. Simu ilipolia niliiokota kwa mikono yenye povu.

"Tumevuka daraja," akasema Lyuben. Nyuma yake nilimsikia Bilyana akiniita, akicheka, akisema nimwambie bibi Danubi kutoka juu ni ya kijani.

Nikaingia kumwambia. Alikuwa amelala chali juu ya shuka iliyonyooshwa, amevaa gauni lake la Pasaka, kitambaa kimevutwa mbele kidogo, na miguuni amevaa viatu vyeusi ambavyo sikuwahi kuona akivivaa, vipya, soli hazijagusa ardhi. Kwetu mtu mmoja tu huvaa viatu kitandani, anayengoja jeneza.

"Amevuka?" akaniuliza.

"Amevuka, mama. Anasema mto ni wa kijani."

"Haya." Alifumba macho. "Basi mwambie Lyuben aweke tarehe."

Nilipandwa na hasira, hasira ya kweli, ya miaka yote tuliyokaa nyumba moja. Nikamwambia aache upuuzi wake, kwamba jioni tunachoma bilinganya na ni yeye atakayezimenya, kwamba Krismasi inakuja na mtoto amesema angojwe. Nilikuwa nalia, kama alivyosema nitalia, na huku nalia nikainama mwisho wa kitanda nimvue vile viatu. Mguu wa kwanza alinibishia, akaukunja, nikauvuta kwa nguvu mpaka kiatu kikatoka. Wa pili haukunibishia.